Si Ndinda Aliyefumua Kitambaa

Mama Mwende,

Si Ndinda aliyefumua kitambaa chako cha ntheo, kile cha posa ya mjukuu wetu. Ni mimi. Nilikifumua mchana, kwenye meza yetu ya kulia, kwa ule mkasi wako mdogo wa kukatia nyuzi. Halafu nikakishona upya, halafu nikanyamaza. Nilinyamaza ulipomfukuza rafiki yako wa miaka arobaini. Nilinyamaza ulipougua. Nilinyamaza siku tulipokuzika, na huu sasa ni mwaka wa tatu.

Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Niko Kitui, kwa binti yetu Mwende. Nilianguka kule nyumbani Kilungu nikimwagilia miche ya parachichi, nikalala pale chini asubuhi nzima mpaka jirani alipokuja kuazima jembe. Daktari amesema moyo umechoka. Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Mwende, hakunitazama mimi, nikaelewa. Hii ni siku ya nne naandika, kidogo asubuhi, kidogo baada ya chakula cha mchana, na ukurasa wa kwanza nimeuandika mara tatu.

Nyumba yetu imefungwa. Mwende ameviondoa vitambaa vyako vyote kwenye viti, akavifua, akavikunja, akaviweka kwenye sanduku. Amefanya vyema, panya wangevila. Lakini niliviona vile viti kabla hatujafunga mlango. Vilikuwa kama wazee waliovuliwa kofia mbele ya watu.

Watakaosoma barua hii baada yangu huenda wasielewe mtu anawezaje kufa na uchungu wa kitambaa. Wewe utaelewa.

Unakumbuka nilivyoanza? Mwaka ule niliostaafu nilikuwa mtu wa kukera. Nilizunguka nyumba nikisahihisha kila kitu, jinsi unavyopanga kuni, jinsi unavyochagua maharagwe. Ukachoka. Ukanitupia mapajani kipande cha kitambaa cha vishimo na sindano butu yenye uzi mwekundu, ukasema, "Kaa hapo uhesabu, uniache nipike." Nikakosea mstari wa kwanza. Ukaja na mwiko mkononi, ukatazama, ukasema, "Mwalimu, umefundisha hesabu miaka thelathini, na vishimo vinne vimekushinda?"

Havikunishinda tena. Sijawahi kukuambia vizuri jinsi nilivyopenda kazi ile. Nilikuwa mtu wa kanisa, nikiomba kila siku, lakini akili yangu haikupata kutulia katika maombi kama ilivyotulia pale. Sindano inapanda kishimo hiki, inashuka kile, mguu wa kwanza wa msalaba, mguu wa pili juu yake, halafu jirani yake. Ule mlio mdogo wa uzi ukipita kwenye kitambaa. Wewe upande mmoja wa dirisha na mimi upande mwingine, baada ya chakula cha mchana, mlango umefungwa kwa komeo.

Komeo lilikuwa langu. Wewe hukulitaka. Ulisema, "Kwani tunaiba?" Lakini mimi nilikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mkuu mstaafu, na nilijua watu wa soko letu. Mwanamume kuchora mifano ya kushonea kwenye karatasi ya grafu, hiyo ilikuwa hesabu, na akina mama wenzako wa kushona walinisifu kwa hiyo. Mwanamume kushika sindano na kushona maua, hiyo ni hadithi ya kuchekesha watu matangani. Kwa hiyo mtu akikohoa langoni nilisukuma kitambaa chini ya mto. Siku ile mchungaji alipokuja ghafla nilimpa mkono nikiwa bado na kastabini kidoleni. Akakitazama kile kidole. "Mwalimu, umeumia?" Nawe, bila hata kugeuka kutoka kwenye chai, ukasema, "Ameumia, lakini si kidole." Tulicheka mpaka jua likashuka. Nilikuwa na miaka sitini na mbili na sikuwa nimewahi kucheka hivyo.

Halafu kulikuwa na Alhamisi.

Akina mama sita barazani kwetu, na nduma zilizochemshwa, na chai, na vitambaa. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, upande wa pili wa ukuta, na nyinyi mlidhani nasoma gazeti. Nilikuwa nashona. Mlipobishana kama uzi wa kijani wa majani uwe ule mzito ama ule mwepesi, mimi nami nilikuwa natazama kijani changu. Mliponyamaza kuhesabu, mimi nami nilinyamaza. Nilikuwa mshonaji wa saba katika kikundi kile, hakuna aliyejua. Na sauti niliyoisikia zaidi ya zote ilikuwa ya Ndinda. "Mama Mwende, huyo jogoo wako ana miguu mitatu ama huo ni mkia?" "Ndinda, nyamaza, wewe misalaba yako inaenda Nuu wakati ya wenzako inaenda Kilungu." Na yeye, aliyezaliwa Nuu, anajibu, "Si inaenda nyumbani? Wacha iende."

Hiyo ndiyo habari yenyewe, Mama Mwende. Misalaba ya Ndinda. Alitumia mkono wa kushoto, na mguu wa juu wa msalaba wake ulilalia upande tofauti na wenu. Ukitazama kwa mbali huoni. Ukiweka kitambaa kwenye mwanga, ukipitisha kidole, unajua. Ndiyo maana vipande vyake mliviweka pembeni, kwenye kona, visikae katikati ya kazi ya mwingine.

Mimi nami ni wa mkono wa kushoto. Hilo ulilijua kama jambo la zamani, kama kovu. Nilikuambia jinsi mwalimu wangu wa darasa la kwanza alivyoufunga mkono wangu kwa kamba ya katani mpaka wa kulia ukajifunza. Sikukuambia kwamba nilipokuwa mwalimu nami niliwachapa watoto wa mkono wa kushoto, kwa rula, juu ya vifundo. Mbele yako nilishona kwa mkono wa kulia, polepole, na ulinicheka ukasema misalaba yangu imelala kama walevi. Lakini ulipokwenda shambani nilihamisha sindano. Mkono wa kushoto haukuwa umesahau. Ulikuwa umengoja miaka yote hiyo, na ulikwenda mbio.

Kisha macho yako.

Ilikuwa sukari, tulijua, lakini tuliyazungumzia macho kama mgeni ambaye ataondoka. Wewe uliendelea kushona. Mjukuu wetu Mumbua alipopata mchumba na ukoo wa kijana ukapanga siku ya kuleta mbuzi wa ntheo, akina mama wa Alhamisi wakaamua kushona kitambaa cha meza ndefu ya wakwe. Kila mmoja kipande chake. Cha katikati kilikuwa chako, mbuzi watatu wamesimama kwenye mstari mmoja. Niliwachora mimi. Ulikishona miezi miwili, kitambaa karibu kiguse pua.

Mwende alipokuja kukupeleka kliniki ya macho hapa Kitui, ukanikabidhi. "Nitalala huko siku tatu. Jumanne umpelekee Ndinda akiunganishe na vingine." Ndinda ndiye aliyekuwa na cherehani.

Nilikifungua mezani mara tu gari lilipoondoka. Mbuzi wa kwanza alikuwa mzuri. Wa pili alikuwa ameanza kishimo kimoja juu. Wa tatu alikuwa juu zaidi, kwato zake hazikugusa nyasi, anaelea. Na mahali fulani ulikuwa umeshika uzi wa zambarau ukidhani ni wa kahawia.

Nilifikiria wakwe wamekaa mezani wakimtazama yule mbuzi. Nilifikiria akina mama wakigusana viwiko. Nikachukua mkasi.

Ningesema nilifanya kwa huzuni, lakini ningekudanganya tena. Nilifurahi. Zilikuwa siku mbili za furaha, jua linaingia dirishani, hakuna wa kuniita, mkono wangu wa kushoto unakwenda wenyewe. Nilimshusha mbuzi wa pili, nikamshusha wa tatu. Nikahesabu vishimo mara tatu kama nilivyokuwa nikihesabu alama za mtihani. Hesabu ilikuwa sawa. Mtu wa hesabu anatazama hesabu. Sikutazama misalaba imelalia wapi.

Jumanne nikampelekea Ndinda. Alikipokea kwa mikono yenye unga, akakiweka juu ya cherehani. Akasema, "Mwambie Mama Mwende mbuzi wake wamenona." Ni hayo tu aliyokifanyia, alikiunganisha.

Ile Alhamisi mimi nilikuwa pale pale, nyuma ya ukuta. Nilisikia mkikikunjua. Nilisikia mkikisifu. Halafu nikasikia wewe umenyamaza, na ulikuwa unanyamaza kwa namna ambayo niliijua. Ulikuwa unapitisha kidole gumba.

"Hii si yangu."

Mtu akacheka.

"Nasema huyu mbuzi si wangu. Na huyu. Huu ni mkono wa nani?"

Wote walijua kuna mkono mmoja tu wa namna hiyo pale barazani.

Ndinda alidhani unatania. "Mimi? Mama Mwende, hata yangu kufumua inanishinda, nifumue ya wenyewe?"

"Ndinda, kama unaniona kipofu, si ungeniambia. Ungekuja hapa uniambie, Mama Mwende, macho yamekwisha. Badala yake unachukua kazi yangu unaenda kunisahihisha kwako kama mtoto wa shule."

"Naapa kwa Mungu sikuigusa."

"Usiape. Kidole changu kinaona."

Nilikuwa nimesimama. Nataka ujue hivyo. Nilikuwa nimeinuka kitini, mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Hatua nne tu kuwafikia. Ningefungua mlango na kusema, ni mimi, na kungekuwa na kicheko, kicheko kikubwa, kicheko cha mwaka mzima, Mwalimu anashona mbuzi! Na kingeisha. Nilisimama pale nikiogopa kicheko cha wanawake sita, mpaka niliposikia Ndinda anakusanya vitu vyake, mkasi, miwani, mfuko wa kiondo, na lango likajigonga.

Jioni hiyo uliniuliza mara moja tu. "Mwalimu, ulikipeleka kama nilivyokupa?"

Nikasema, "Kama ulivyonipa."

Ukaamini. Kwa nini usiamini? Ulinijua kwa mkono wa kulia.

Siku ya ntheo meza ya wakwe ilitandikwa shuka la kununua. Na wewe, Mama Mwende, hukushika sindano tena. Hilo sikulitarajia. Nilidhani utakasirika, utarudi. Ulisema, "Kazi yangu ikifika mahali pa kurekebishwa kwa siri, basi imekwisha." Ulikaa kwenye kiti chako karibu na dirisha mikono ikiwa mapajani, na nyakati nyingine niliona kidole gumba kinasogea, kinasogea juu ya nguo yako, kikihesabu vishimo ambavyo havipo. Nilikaa mkabala nawe na gazeti. Mimi nami niliacha, ningewezaje kushona mbele ya mikono ile? Akina mama wakapungua, wanne, watatu, mwisho Alhamisi ikawa siku kama siku nyingine.

Kila asubuhi nilisema, leo. Nilijiambia nangoja majibu ya macho kutoka kliniki. Nilijiambia nangoja upone. Mtu aliyesoma hana uhaba wa sababu.

Ndinda alikuja mazikoni. Hakukaa na akina mama kwenye hema. Alikaa upande wa jikoni tangu asubuhi akiosha sufuria ambazo hakuna aliyemwomba azioshe. Mwaka huo huo akarudi Nuu kukaa na mwanawe.

Sasa nikuambie kilichonivunja. Kila Jumamosi hapa kwa Mwende wanakuja wanawake watatu majirani, wawili wauguzi na mmoja ana duka la vitabu. Wanashona misalaba. Wanapata mifano kwenye simu. Nilikaa wiki tatu nikiwatazama kutoka kwenye kiti changu, mpaka yule wa duka akanung'unika kwamba ua lake halifungi, linafika mwisho na kuacha pengo. Nikasema, umeruka vishimo viwili kwenye mstari wa sita. Wakageuka. Nikasema, nipe.

Nikashona mbele ya watu. Kwa mkono wa kushoto. Moyo ulikuwa unapiga, si kwa ugonjwa.

Hakuna aliyecheka, Mama Mwende. Yule muuguzi mdogo akasema, "Babu, wewe mtaalamu! Mbona ulikuwa unatunyima?" Akavuta kiti karibu nami. Wakaniletea chai. Mwende alisimama mlangoni na taulo mkononi akitazama kama mtu anayemwona baba yake kwa mara ya kwanza, na hata yeye hakucheka. Nilimaliza ua lile nikaomba nikalale. Nikafunga mlango nikalia kwa mdomo wazi kama mtoto. Kitu nilichokilinda miaka yote, kitu nilichomtoa Ndinda kafara kwa ajili yake, kilikuwa hakina uzito wowote. Wangecheka nusu saa.

Tangu siku hiyo wananiita kila Jumamosi, na nakwenda, na napenda. Hilo nalo ni mzigo. Ninapata furaha niliyokunyang'anya. Nikiona wanavyochekeshana nakumbuka baraza letu, na sindano inakuwa nzito, lakini siiweki chini.

Nilimwomba Mwende anitafutie namba ya Ndinda. Nikampigia. Sauti yake imekuwa nyembamba, ila ni ile ile. Alifurahi! Akaniuliza hali, akauliza Mwende, akauliza Mumbua ana watoto wangapi. Halafu akasema, "Mwalimu, wewe umesoma, uniambie. Nilimkosea nini Mama Mwende? Nimetafuta mpaka nimechoka. Labda kweli nilikigusa nikasahau? Kama niliwakosea, nisamehe wewe, kwa niaba yake."

Labda kweli nilikigusa. Umesikia? Amejihukumu mpaka anaanza kuamini.

Na mimi, niliyesoma, nilimjibu hivi, "Huko Nuu mvua imenyesha?"

Akasema, "Hapana. Mbuzi wanakula makaratasi."

Tukaagana.

Kwa hiyo ninaandika, kwa sababu mdomo wangu hauwezi na karatasi haitanikatiza. Nakuahidi hili, na safari hii si ahadi ya kila asubuhi. Mwende nimeshamwambia kwamba kuna barua, na kwamba ikimalizika aisome yeye kwanza, kisha anipeleke nayo Nuu. Kutoka hapa Kitui si mbali kiasi cha kunipa kisingizio. Nikishindwa kusafiri, ataipeleka bila mimi na kumsomea Ndinda neno kwa neno, barazani kwake, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Acheke atakayecheka. Siombi msamaha wake. Nataka tu aache kutafuta kosa lake.

Wewe sijui kama nitakuona. Nilifundisha wengine kwamba tutaonana, niliwaambia wafiwa wengi. Sasa naogopa iwe kweli. Lala, mke wangu. Pumzisha kile kidole.

Nilitaka kufunga hapa. Nimeiweka kalamu chini, nimeichukua tena, kwa sababu Mwende atasoma, na Ndinda atasikia, na yeye anajua jambo ambalo wewe hulijui, na wewe ulijua jambo ambalo yeye halijui, na katikati yenu nilikuwa mimi.

Wiki yako ya mwisho, ulipokuwa huwezi tena kuinua kichwa, uliniuliza siku mbili mfululizo. Uso umeelekea ukutani. Ulisema, "Ndinda hajaja?" Hukusema kwa hasira. Nilijibu, "Hajaja." Siku ya pili ukasema, "Basi," na hukuuliza tena.

Alikuwa amekuja. Alikuja siku zote hizo mbili, asubuhi, na uji wa wimbi kwenye chupa ya chai, Mwende akiwa ameenda kufuata dawa. Nilimkuta langoni. Nilijua mkishikana mikono tu, kabla ya uji kupoa, mtauliza na kujibu na ukweli utanifikia kitandani pako. Nikamwambia umekataa kumwona. Nilimwambia ni wewe uliyesema hivyo. Ndinda akaiweka chupa juu ya jiwe, akageuka, na mimi nikaja ndani nikaketi karibu nawe, nikakuambia kwamba hakuna mtu langoni.